Mtu wa Kwanza Njiani

Wenzangu wa Mkolani, na ninyi wa Buzuruga, wa Kisesa, na kokote mnakoamka alfajiri mkashika njia kwenda kutafuta riziki, sogeeni karibu nina jambo. Mimi ni Justa, mama yake Antoni, yule anayekaanga maandazi pale njia panda. Njia zote zinazoshuka kutoka kilimani zinakutana mbele ya karai langu, kisha zinavuka daraja dogo na kuifuata lami. Kwa hiyo kila asubuhi napitiwa na mtaa mzima. Najua nani ameamka na furaha na nani ameamka na ngumi. Ninayowasimulia leo mengine nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimesimuliwa na wenyewe waliohusika. Kama nimeongeza chumvi, ni ile ya kuonja tu.

Nyumba ya Masalu ilikuwa nyumba ya amani. Masalu alikuwa dereva wa lori la mzee Liaqat, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi ambaye ghala lake liko Buzuruga. Mkewe, Hellen, alikuwa wa kwanza kuamka. Akikoroga uji, Masalu anafuta umande kwenye kiti cha pikipiki, na binti yao, Precious, anafunga viatu huku akinong'ona kanuni za hisabati. Shule ya Precious iko hukohuko Buzuruga, kwa hiyo baba na binti walikuwa wanaondoka pamoja. Wakifika kwangu, Masalu anapunguza mwendo.

"Mama Antoni, mwangaluka!"

"Mwangaluka! Mhola?"

"Mhola duhu!"

Maneno machache tu ya Kisukuma, ya kujuliana hali asubuhi, lakini mimi nilikuwa nakanda unga kwa nguvu zaidi baada ya salamu ile. Mwanamume anayesalimia watu asubuhi huku binti yake anacheka mgongoni kwake, huyo ana utajiri ambao hajui kama anao.

Chini kidogo ya meza yangu, kando ya daraja, anaishi Bibi Kashindye. Mumewe alifariki zamani na wanawe wako machimboni Geita. Macho yake ni mekundu. Nasema wazi kwa sababu watu wanapenda kulisema kwa kunong'ona. Ni mekundu kwa sababu tangu usichana wake alikuwa akikausha samaki kwa moshi kule mwaloni, kwenye soko la samaki kando ya ziwa, anainamia moto wa kuni mbichi kuanzia asubuhi hadi jioni, na moshi haumbagui mtu. Kwa macho hayo alisomesha watoto. Siku hizi amestaafu moshi, na kila alfajiri anapanda kilima kwenda misa ya kwanza, rozari mkononi, wakati wafanyakazi wanashuka kwenda kazini. Kwa hiyo lazima akutane nao. Angepita wapi, angani?

Sasa sikieni balaa lilivyoingia.

Asubuhi moja mtu wa kwanza ambaye Masalu alikutana naye alikuwa Bibi Kashindye. Wakasalimiana vizuri. Siku hiyo tairi la lori lilipasuka Kisesa, mvua ikanyesha, saruji ikalowa. Wiki chache baadaye akakutana naye tena, na siku hiyo askari wa barabarani wakamkamata. Masalu akaunganisha mambo hayo mawili kama mtu anayefunga kamba. Siku zote nyingine alizokutana na bibi akarudi salama na mzigo umefika, hizo hakuzihesabu.

"Nyota njema huonekana asubuhi," aliniambia siku moja, akiwa ameshika andazi bila kulila. "Na nyota mbaya pia, Mama Antoni. Yule bibi ana mkosi."

"Mkosi ni tairi kuukuu, Masalu," nilimjibu. Hakucheka.

Tangu hapo, akikutana na bibi kabla ya mtu mwingine, aligeuza pikipiki akarudi nyumbani. Aliingia ndani, akanawa uso, akaketi kitandani bila kusema na mtu, eti anangoja njia ipoe. Mwanamume mzima na ndevu zake anangoja njia ipoe kama chai! Baadaye akaona afadhali azuie kabla ya kuumia. Akawa anamtuma Hellen atangulie kuangalia njia. Basi mke wa watu anatoka na kanga mabegani, anashuka hadi kwenye kona, anachungulia, kisha anapunga mkono kwamba ni salama. Mwanzoni nilikuwa nacheka mpaka mafuta yanakaribia kuungua. Kisha nikaacha kucheka.

Niliacha kwa sababu mambo yaliharibika. Kuchelewa kazini kukawa desturi, na mzee Liaqat akamwita ofisini. Masalu mwenyewe ndiye aliyenisimulia.

"Masalu, wateja wanangoja saruji. Wewe unangoja nini?"

"Mzee, asubuhi nilikutana na mtu mbaya."

"Mimi kila siku mtu mbaya ninayekutana naye hapa mlangoni ni wewe, umechelewa," mzee Liaqat akasema. "Na mimi nirudi nyumbani?"

Haikupita muda ufunguo wa lori akapewa kijana aitwaye Machibya, na Masalu akawekwa kubeba mifuko ghalani. Je, alijifunza? Thubutu! Alirudi nyumbani akisema kwamba macho ya bibi ndiyo yaliyomnyang'anya lori. Akayasema kwenye bomba la maji, akayasema kwa kinyozi. Na maneno ya namna hiyo, ndugu zangu, hayakosi wa kuyabeba. Wanawake wakawa wanasogeza ndoo zao bibi akifika bombani. Watoto wakawa wanamkimbia. Asubuhi moja bibi alifungua mlango akakuta matawi ya miiba yamerundikwa kizingitini, kumwambia kwamba hatakiwi. Ninyi mnajua na mimi najua, hapa kwetu Usukumani, maneno hayo yamewafikisha wapi vikongwe wengi wenye macho mekundu: wameitwa wachawi, wakauawa.

Bibi Kashindye hakugombana na mtu. Nilianza tu kumwona anachelewa misa, anapita wakati jua limekwisha kuchomoza. Nikamuuliza kulikoni.

"Namngoja Masalu apite kwanza," alisema. "Nakaa nyuma ya ukuta nasikiliza pikipiki. Sitaki kumharibia kijana siku yake."

Nikamfungia maandazi, nikageuka upande nikafuta machozi na kusingizia moshi.

Lakini aliyekuwa anaumia zaidi ni Precious, na hakuna aliyemwona. Mtoto anakula tunachomlisha, na yule alikuwa analishwa hofu kila asubuhi kabla ya uji. Alikuwa kidato cha nne, hodari wa hisabati, na ndoto yake ilikuwa uinjinia. Siku ya mtihani wa majaribio wa hisabati, bibi alichelewa kujificha, wakakutana uso kwa uso. Baba akageuza, wakarudi, wakangoja, wakaondoka upya. Precious akaingia darasani amechelewa, mikono inatetemeka, kichwani hamna kitu ila macho ya bibi. Alipata sifuri. Mwalimu alipomuuliza, alijibu, "Asubuhi yangu ilikuwa mbaya, mwalimu." Mtoto aliyekuwa akifundisha wenzake!

Basi mtihani wa taifa ukafika. Mtihani ule hauna huruma: ukichelewa, mlango umefungwa, na mwaka mzima umekwenda na maji. Precious alikuwa anajua. Hellen alikuwa anajua, na alifunga na kuomba. Masalu naye alikuwa anajua, lakini hofu yake ilikuwa imekwisha kuwa kubwa kuliko akili yake.

Usiku wa kuamkia hisabati mvua ilinyesha kama inalipa kisasi. Alfajiri ikakatika. Nilifika njia panda mkaa umelowa, nikawa napuliza jiko huku nalalamika. Nikamwona Hellen anachungulia kwenye kona, akapunga mkono. Nikasikia pikipiki inashuka. Na papo hapo, kutoka upande wa daraja, nikamwona Bibi Kashindye anapanda mbio, kanga imelowa hadi magotini, mikono juu.

"Masalu! Masalu mwanangu, simama! Daraja..."

Masalu hakungoja neno la pili. Aliona ule uso tu. Akafunga breki, akaanza kugeuza.

"Baba, mtihani!" Precious alilia.

"Tunarudi! Njia imeharibika!"

Njia kweli ilikuwa imeharibika, lakini si kwa namna aliyodhani yeye. Wakati pikipiki inazunguka, Precious akaruka chini. Nilidhani ameanguka, kumbe amesimama imara, begi kifuani.

"Panda!" baba yake akafoka.

"Siendi nyuma, baba."

Masalu akamtazama bintiye, akamtazama bibi, na hofu ikamshinda. Akatia moto, akapanda kilima peke yake. Ndiyo, ndugu zangu. Alimwacha mtoto njiani.

Precious alibaki amesimama mbele ya bibi. Halafu taratibu, kama alivyofundishwa utotoni, akapiga magoti kwenye tope na sketi yake ya shule.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Sijui mara ya mwisho mtu wa nyumba ile kumsalimia ilikuwa lini. "Inuka, utachafuka. Daraja limebomoka katikati. Maji yamefunika juu, mtu haoni shimo. Nilisikia linavyoanguka, nikasema nikimbie niwawahi ninyi, maana leo una mtihani."

"Nitapita wapi sasa?" Precious akaanza kulia. "Bibi, naogopa."

"Ukiniogopa mimi, sawa. Lakini mtihani usiuogope, haujakukosea." Akamshika mkono. "Kuna njia yetu ya zamani, ya sisi wachuuzi wa samaki. Inapita juu ya mawe hadi lami. Unaweza kupanda mawe?"

"Naweza."

"Twende. Justa, waambie watu wasipite darajani!"

Wakapotea kati ya yale mawe makubwa, bibi mbele, msichana nyuma. Mimi nikasimama katikati ya njia na kijiko changu cha kukaangia, nikawa trafiki.

Ya huko mbele nimesimuliwa na Precious mwenyewe. Walipofika lami, bodaboda wa kwanza waliyemwona alikuwa Obedi, kijana wa mtaani kwetu. Naye alikuwa amezisikia habari za bombani. Akamtazama bibi, akakuna kichwa.

"Nitampeleka mwanafunzi tu," akasema.

"Mpeleke, mwanangu," bibi akajibu. "Mimi nitarudi kwa miguu."

Precious akaukamata mkono wa bibi. "Bila bibi siendi. Yeye ndiye aliyenifikisha hapa. Wewe ungenifikisha wapi, kaka Obedi, kama ningepita darajani?"

Obedi akaona aibu, na aibu nzuri haimkai mtu bure. "Haya, pandeni mshikaki," akasema, na wakapanda wote wawili, mzee katikati, mtoto nyuma. Mjini wakakatisha vichochoro anavyovijua Obedi. Walipotokea Buzuruga, mlinzi alikuwa ameshika geti tayari kulifunga. Precious akavua sweta lake lililolowa, akamwachia bibi, akakimbia. Aliniambia hivi: "Mama Antoni, nilipogeuza karatasi ya maswali, nilitazama mkono wangu. Ulikuwa umetulia."

Turudi kilimani. Hellen alimwona mumewe anaingia peke yake.

"Baba Precious, mtoto yuko wapi?"

"Amekataa kupanda. Yuko njia panda na yule bibi. Ngoja njia ipoe, nitamfuata."

Hellen ni mwanamke mpole, lakini upole una mpaka. Majirani walimsikia mpaka nyumba ya tatu.

"Umemwacha na nani? Kama yule bibi ni mchawi, umemwachia mchawi mwanao ukakimbia! Na kama si mchawi, umekimbia nini? Nijibu!"

Masalu akalitupa kopo la kunawia uso, akarukia pikipiki. Alishuka kilima kama jiwe. Nilitoka mbele yake nikapiga kelele, "Daraja! Masalu, daraja!" Alinipita. Macho yake yalikuwa mbali, anamtafuta mtoto. Nikasikia kishindo, kisha maji.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu la Masalu halikuvunjika, Mungu mwema, ila la pikipiki lilikunjika vibaya. Tulimvuta kwa kanga zilizofungwa pamoja, mimi na watu waliokuwa wamekusanyika. Alitoka amejaa tope hadi masikioni, goti linavuja damu.

"Hili ndilo Bibi Kashindye alilokuja kukwambia," nilimwambia. Sikumhurumia hata kidogo. "Alikimbia kukuokoa wewe na mtoto. Ungemsikiliza mpaka mwisho wa sentensi moja tu!"

Nilimwona anavyoelewa. Alilitazama shimo, akakitazama kile kiti cha nyuma cha pikipiki kinavyozama, mahali alipokuwa anaketi Precious kila siku. Akashika kichwa kwa mikono miwili, akalia mbele ya watu.

"Amekwenda na bibi kwa njia ya mawe," nikamwambia. "Mfuate."

Alikwenda akichechemea. Alipofika Buzuruga jua lilikuwa juu, tope limemkaukia mwilini, na watu wanamkwepa stendi wakidhani ni kichaa. Nje ya geti la shule alimkuta Bibi Kashindye amekaa kwenye jiwe, sweta la Precious mapajani, rozari mkononi.

"Yuko ndani," bibi alisema kabla hajaulizwa. "Anaandika."

Masalu akapiga magoti pale pale, kwenye vumbi, mbele ya mlinzi na wauza karanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimekukosea. Nimekukosea sana, mama. Nimekupaka uchafu mtaa mzima."

Mlinzi anasema bibi alimaliza kwanza fungu zima la rozari, na alikuwa na haki. "Msamaha nimekupa," akasema mwishowe. "Lakini mimi peke yangu sikutoshi. Maneno uliyoyapanda bombani, nenda ukayang'oe bombani."

Na aliyang'oa. Jioni ile ile, wakati foleni ya maji ni ndefu, Masalu alisimama na goti lililofungwa kitambaa akasema kwa sauti: "Mkosi ulikuwa wangu mwenyewe. Nilichelewa kwa miguu yangu, nikapoteza lori kwa ujinga wangu. Bibi huyu ameniokolea mtoto. Atakayemgusa, atanigusa mimi kwanza." Halafu akaenda kwa bibi na panga, akaikata miiba yote, akaichoma. Kesho yake, na kila asubuhi iliyobaki ya mitihani, alishuka kwa miguu na bintiye, wakabisha hodi kwa bibi kabla ya kukutana na mtu mwingine. "Mwangaluka, mama!" Na bibi anajibu kutoka ndani, na kuwaombea, na Precious anaondoka akiruka mawe kama mbuzi. Watu waliona. Wa kwanza kuiga alikuwa Obedi, kisha wanawake wa bombani, na wiki chache baadaye mwenye haraka alilazimika kungoja zamu ya kumsalimia bibi!

Ufunguo wa lori Masalu hajarudishiwa. Machibya bado anaendesha, na anaendesha vizuri. Mzee Liaqat amesema ataangalia, kwa kuwa siku hizi anamkuta Masalu ghalani kabla yake. Kosa lina gharama, na Masalu anailipa bila kunung'unika.

Matokeo yalipotoka, nilikuwa kwenye karai. Nikasikia vigelegele vya Hellen kutoka kilimani, nikaacha maandazi yaungue. Divisheni wani! Na hisabati, ile ile ya sifuri, ilikuwa na A. Mtaa mzima ulimiminika njia panda, ngoma ikaletwa sijui na nani, na Masalu akacheza na goti lake bovu. Precious alimpita baba yake, akanipita mimi, akashuka hadi kwa Bibi Kashindye, akampa simu ili ayaone matokeo. Bibi aliitazama sana kwa macho yake mekundu.

"Sijui kusoma hii," akasema. "Nisomee."

Precious akamsomea somo moja baada ya jingine kwa sauti, na kila somo sisi tukashangilia.

FUNZO

Ndugu zangu, asubuhi ina nguvu. Hilo Masalu hakukosea. Dakika chache za njiani zinaweza kuijenga siku yako au kuibomoa. Alikosea alipodhani nguvu hiyo iko katika uso wa mtu anayekutana naye. Iko katika unavyompokea. Ukimpa mtu salamu, umeondoka na baraka. Ukimpa kisogo, umeondoka na hofu, na hofu ndiyo itakayoendesha siku yako mpaka shimoni.

Wazazi, chungeni mnachowaambia watoto kabla ya uji, maana ndicho wanachokwenda nacho darasani. Na ninyi mnaonong'ona juu ya vikongwe wetu, acheni. Nawaambia acheni! Macho mekundu ni ya moshi uliowapikia baba zenu. Kesho ukitoka, mtu wa kwanza utakayekutana naye njiani, awe nani, simama umsalimie, na umsikilize hadi amalize kusema.